Mkwe na Mzimu Chini ya Bati Moja

Ukimuuliza Ogweno anaogopa nini duniani, atakutajia vitu viwili: maji yakidondokea kwenye mafuta ya moto, na mama mkwe. Mzimu hautaji. Na huyu ni mtu aliyezeekea jikoni katika hoteli ambayo Tarime nzima inajua ina mzimu.

Hoteli yenyewe iko Nyamisangura. Ilijengwa kwa mawe wakati wa Waingereza, ikawekewa korido ndefu yenye vyumba pande zote mbili, na dohani za moshi juu ya paa, maana baridi ya asubuhi ya Tarime haijali mtu ametoka Ulaya au Nyamwaga. Marehemu Maftah, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Pwani kuja kuuza vitambaa, ndiye aliyeinunua na kuandika jina lake juu ya mlango. Jina bado lipo, rangi ya kijani. Lakini mjini hakuna anayelitumia. Watu wanasema tu, Kwa Bwana Kamba.

Bwana Kamba ndiye mzimu. Inasemekana alikuwa Mzungu mpima ardhi, aliyetumwa na serikali ya wakati ule aweke mipaka kati ya koo mbili za Wakurya. Akashinda juani na kamba yake. Ukoo huu ukasema kamba imevutwa mno, ukoo ule ukasema kamba imelegezwa, na giza likiingia wote wawili wakawa wanang'oa vigingi vyake, kila ukoo ukidhani mwenzake kalala. Hatimaye akarudi hotelini, akaketi, akaagiza chai, akafa kabla chai haijafika. Mpaka leo, wanasema, hupita koridoni amevaa nguo nyeupe, akipima. Akisimama mbele ya mlango wako, basi shamba lako nyumbani limepungua upana. Wapo wazee wa Nyamwaga waliolala pale mara moja, wakaamka, wakaacha uji mezani na kwenda moja kwa moja kutazama mipaka yao.

Ogweno hajawahi kumwona. Kazi yake kwa Bwana Kamba ni moja: kila jioni anaweka kikombe cha chai ya tangawizi juu ya meza ndogo mwisho wa korido. Maftah mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo. "Mtu kafa akisubiri chai, Ogweno," alisema. "Sisi tumpelekee." Na kila asubuhi kikombe kinakutwa kitupu. Hamidu, kijana wa mapokezi, huwasimulia wageni jambo hili huku ametoa macho. Ogweno husikiliza na kunyamaza. Anajua chai inanywewa na Mseti, askari wa getini. Anajua kwa sababu siku moja Mseti alimjia jikoni na kulalamika kuwa siku hizi sukari imepungua.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wanaishi, wao na mzimu wao, mpaka masika ya mwaka jana, Bi Arafa alipowaita.

Bi Arafa ni mjane wa Maftah. Aliketi katika kiti cha marehemu, mtandio begani, akawatazama mmoja mmoja.

"Kuna mtu wa Mwanza anataka kununua hapa," alisema. "Anataka kuweka kituo cha mafuta. Nyumba haitaki. Jiko nalo halitaki."

"Na mpishi?" aliuliza Ogweno.

"Mpishi atapika nini kwenye kituo cha mafuta, Ogweno?"

Hakuna aliyecheka. Bi Arafa akaendelea. Kulikuwa na dada mmoja wa Nairobi, anaitwa Vivian, ambaye huvusha watalii mpakani Sirari kuwapeleka Serengeti. Alikuwa anatafuta nyumba ya zamani ya kulaza wageni wake njiani, nyumba yenye historia na mzimu wake. Angekuja Alhamisi kulala usiku mmoja na kuangalia.

"Akipenda, ataleta wageni msimu mzima, nami nitamwambia yule wa Mwanza akatafute kiwanja kwingine. Asipopenda, jamani, mimi nimechoka. Nauza." Akashusha pumzi. "Bwana Kamba tumemnywesha chai miaka yote hii. Naomba Alhamisi afanye kazi."

Ogweno alirudi jikoni akasimama mlangoni kama mgeni. Jiko lile lina dirisha moja linalotazama migomba na vilima. Lina meza ya mbao ambayo imebonyea katikati, mahali anapokatia vitunguu, na bonyeo lile ni la mkono wake. Anajua ni jiko gani la mkaa linalowahi kuwaka na lipi linalohitaji kubembelezwa. Mtu wa umri wake, nani angempa jiko lingine? Alichukua kisu, akakata kitunguu ambacho hakikuhitajika kwa chochote, ili macho yake yapate sababu.

Nyumbani mambo yalikuwa yanamsubiri. Mkewe, Selestina, alimpakulia ugali, akasubiri amege tonge la kwanza.

"Baba Nelson, mama anakuja Alhamisi."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Kwani nina wangapi?"

Tonge likasimama hewani.

Kwa Wajaluo, mama mkwe anaitwa *maro*, na neno hilo mwanamume halitamki amekaa kihasarahasara. Mtu na maro wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakaliani kiti, na kulala chini ya paa moja ndiyo aibu yenyewe. Ogweno alimwoa Selestina siku nyingi, wamezaa, wamepata wajukuu, na katika muda wote huo anaufahamu mgongo wa mama mkwe wake kuliko anavyoufahamu uso. Mama Tabitha akitokea njia hii, Ogweno hugeuka kuangalia mti. Ogweno akitokea njia ile, Mama Tabitha hugeuka kuangalia ng'ombe. Wakiwa na neno la kuambiana, husema kwa sauti kubwa kumwambia Selestina, hata kama Selestina ndiye aliye mbali na wao ndio waliotenganishwa na ukuta mmoja.

Sasa Nelson, mtoto wao wa kwanza, alikuwa amepata binti na kumwita Tabitha, na bibi yake Nelson, Mama Tabitha, alitaka kuvuka mpaka kutoka Migori aje amwone wajina wake. Nelson alikuwa amepanga chumba kimoja. Kitanda, jiko na mtoto vyote vilikuwa vinagusana humo.

"Atalala wapi?" aliuliza Ogweno.

"Nimeshaongea na Bi Arafa. Amempa chumba hotelini. Bure kabisa, kwa heshima yako."

"Selestina! Hotelini si ndipo nilipo?"

"Hoteli ni ya Bi Arafa. Nyumba ya mkwe ni ile aliyoijenga mkwe. Wewe pale umejenga nini?"

"Alhamisi nalala kule. Huyo mgeni wa Nairobi anataka chai alfajiri."

"Unalala kwenye kile chumba cha jikoni. Jiko ni nyumba nyingine, hoteli ni nyumba nyingine. Kula."

Ogweno akala. Lakini alipofika tonge la tatu akakumbuka bati.

Jiko la hoteli lilijengwa nyuma, peke yake, na kati yake na nyumba kubwa kulikuwa na uwazi wa hatua mbili tatu. Marehemu Maftah, kwa kuhurumia chakula kisinyeshewe, alipigilia bati juu ya uwazi huo, upande mmoja kwenye paa la jiko, upande mwingine kwenye paa la hoteli. Kwa hiyo, ukilitazama jambo bila kujidanganya, paa lilikuwa moja.

Alhamisi asubuhi Ogweno alikuwa juu ya ngazi, nyundo mkononi, akichomoa misumari. Chini, Mseti alikuwa ameishika ngazi.

"Mzee, unaezua hoteli? Mbona bado haijauzwa?"

"Natenganisha nyumba."

Alipomweleza, Mseti hakushangaa hata kidogo. Yeye ni Mkurya. "Hata kwetu mkwe ni mkwe," alisema. "Mimi mama mkwe wangu alinikuta shambani. Nikaingia kwenye shimo la kuivishia ndizi mpaka apite."

"Alikaa sana?"

"Nilitoka na ndizi zimeiva."

Hamidu alikuwa amesimama pembeni na funguo zake, akitikisa kichwa. "Nyinyi watu mna kazi. Mimi mama mkwe wangu nikienda ananipakulia wali mwenyewe. Nikimaliza ananiongeza."

"Ndiyo maana umekuwa hivyo," alisema Mseti.

"Hivyo vipi?"

"Umeenea."

Bati likashuka. Ogweno akaliegemeza ukutani, akasimama katikati ya uwazi na kuangalia juu. Mbingu ilionekana, nyembamba na safi, kama kitambaa kilichoanikwa kati ya nyumba mbili. Sasa mapaa ni mawili, akajisemea, na moyo ukatulia. Jambo ambalo hakulipa nafasi moyoni ni kwamba ilikuwa masika, na Tarime wakati wa masika mvua huja kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa.

Mama Tabitha alifika kabla ya saa sita, mwanamke mdogo wa umbo, amefunga kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisani, kikapu kwenye kiwiko. Hamidu akampokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yule mtu yuko?"

"Yuko kule nyuma, mama."

"Basi mimi nitakuwa chumbani," alisema, akapita upesi, uso ukutani.

Jikoni, Ogweno aliisikia sauti ile akajikuta amejibanza nyuma ya mlango, mwiko umeinuliwa. Alipotulia akaanza kupika. Alikuwa na sato wazuri walioletwa asubuhi kutoka ziwani. Akamkaanga mmoja taratibu, akamwunga kwa nyanya na kitunguu, na pembeni mboga ya mgagani iliyolala kwenye maziwa. Alipika kama mtu anayeandika barua asiyoruhusiwa kuitia sahihi.

Hamidu alirudi na sahani tupu. Miiba ilikuwa imepangwa upande, safi.

"Anasema mama mpishi abarikiwe."

"Mama nani?"

"Mama mpishi. Anasema mwanamke aliyepika samaki huyu amelelewa akaleleka."

Ogweno aliuma mdomo. Ukweni walijua anafanya kazi hotelini; hakuna aliyewahi kuuliza kazi gani, naye hakuwahi kuona haraka ya kueleza. Mkwe aliyesimama jikoni akimpikia maro wake na kumwonjea mchuzi! Bora angekutwa na Bwana Kamba.

"Umemjibuje?"

"Nimesema salamu zitafika."

"Basi mwambie," alisema Ogweno, akiangalia sufuria, "mama mpishi ameshukuru."

Vivian alifika mchana, anaendesha gari mwenyewe, viatu vya kupanda milima na simu mbili. Baba yake ni mtu wa Kisumu, lakini yeye amezaliwa na kukulia Nairobi. Kijijini kwao amekwenda kwa mazishi tu, na mazishini hakai mpaka mwisho. Aliipitia hoteli chumba kwa chumba, akagusa mawe, akachungulia dohani. Hamidu alimsimulia habari za Bwana Kamba mara mbili, mara ya pili kwa mikono.

"Na huwa anatoka saa ngapi?" aliuliza Vivian.

"Hana saa maalumu, dada. Alikuwa mtu wa serikali."

Vivian akacheka, kisha akaacha kucheka. "Niwaambie kitu. Nimelala hoteli nyingi za mizimu. Mahali pengine mzimu ulikuwa paka. Mahali pengine ulikuwa meneja, na shuka. Mimi sijali kama hamna mzimu, hadithi peke yake inatosha. Lakini mkinidanganya, nikute mtu amevalishwa shuka, hapo tumemalizana. Wageni wangu nikiwauzia uongo, kesho dunia yote imesoma. Tumeelewana?"

"Tumeelewana kabisa," alisema Bi Arafa. "Hapa hatuna shuka."

Saa kumi mvua ikaja. Haikuanza kwa kudondoka, ilimwagika. Umeme ukakatika. Na pale lilipokuwa bati, maji yakashuka kutoka mapaa mawili kwa pamoja, yakapita chini ya mlango wa nyuma, yakaanza kutembea koridoni. Bi Arafa akapiga kelele kutafuta ndoo. Hamidu akashika ufagio. Mseti akashika ufagio. Na katikati ya shughuli hiyo Hamidu akakimbilia mlango wa jikoni akasema kwa kelele ya kushindana na mvua:

"Mzee! Mama yako mkwe anataka chakula sasa hivi. Ana dawa za kumeza!"

"Mpelekee!"

"Kwa mkono upi?" alisema Hamidu, akaonyesha ndoo na ufagio, akatoweka.

Ogweno alisimama na sinia. Samaki alikuwa tayari. Dawa ni dawa. Akafikiri, na ndani ya kichwa chake mpango ukaonekana mzuri sana. Angejifunika kitambaa cha meza, kile kikubwa cheupe, asilowane katika kuvuka uwazi. Angebaki amejifunika koridoni ili, kama mlango ungefunguka, maro asione uso wake. Na angetembea kinyumenyume, ili hata kitambaa kikimponyoka, kitakachoonekana kiwe mgongo, ambao Mama Tabitha ameshauzoea. Aweke sinia mlangoni, agonge, akimbie. Akavuka.

Wakati huohuo, Mama Tabitha alikuwa ametoka chumbani mwake kwenda msalani, upande wa mbali wa korido. Akiwa anarudi akasikia kikohozi. Kikohozi cha Ogweno anakijua. Amekisikia nyuma ya kuta miaka yote ya ndoa ya bintiye. Mkwe yuko koridoni! Mlangoni pa chumba kimoja kulikuwa na shuka safi zilizokunjwa zinasubiri kutandikwa. Akachukua moja, akajitanda kichwa mpaka miguu, akageuza uso kule alikotoka, na kwa adabu yote akaanza kurudi chumbani kwake kinyumenyume.

Korido ilikuwa na giza la alasiri ya mvua, giza la kijivu. Kutoka huku kikaja kitu cheupe kinachotembea kinyumenyume na sinia. Kutoka kule kikaja kitu cheupe kinachotembea kinyumenyume bila sinia. Kila mmoja alikuwa anamkimbia mwenzake kwa heshima kubwa, na kila hatua ya heshima ilikuwa inawasogeza.

Vivian alifungua mlango wake aulize kuhusu umeme. Aliviona vyote viwili.

Migongo ikakutana.

Miaka yote ile ya kugeukia miti na ng'ombe, ikaishia hapo. Mama Tabitha akasema "Yesu!" akaingia chumbani kwake kama panya, mlango ukapiga. Ogweno aliteleza kwenye maji, sinia likapaa, kitambaa kikabaki nyuma, na alipotulia alikuwa ameketi sakafuni, sato amelala kifuani mwake kama mtoto.

Vivian, aliyekuwa amepiga yowe moja refu, akawasha tochi ya simu. Mwanga ukapanda polepole, kutoka viatu mpaka samaki, kutoka samaki mpaka uso.

"Wewe si mpishi?"

"Ndiyo," alisema Ogweno. "Karibu."

"Kumbe wewe ndiye Bwana Kamba!"

"Hapana, dada. Yule aliyeingia chumbani si mzimu. Ni mkwe."

"Mkwe wa mzimu?"

"Wangu."

"Kwa hiyo wote wawili ni nyinyi? Mnafanya kwa zamu?" Vivian alikuwa amepandisha sauti sasa. "Nilisema shuka. Sikusema? Niliomba kitu kimoja tu!"

Bi Arafa alifika na ndoo. Alitazama kitambaa cha meza, akamtazama Ogweno, akamtazama mgeni akiingia chumbani kuchukua begi. Hakupiga kelele. Aliiweka ndoo chini polepole.

"Ogweno," alisema. "Umeniuzia hoteli."

Ogweno alianza kuokota vipande vya samaki majini, kimoja kimoja, akivirudisha kwenye sinia. Jiko lake, dirisha lake la migomba, meza yenye bonyeo la mkono wake; amelitoa bati kwa mkono huohuo. Hamidu, ambaye siku zote ana la kusema, alikuwa ameangalia ufagio.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango wa Mama Tabitha. Ilikuwa ya taratibu, sauti ya mtu aliyezoea kuongoza sala.

"Hamidu, mwanangu. Muulize huyo binti aliona wangapi."

Vivian alisimama mlangoni kwake, begi begani. "Niliona wawili, mama. Wanatosha."

"Mmoja ni mimi," ilisema sauti. "Natoka msalani. Mwingine ni mume wa binti yangu, na mimi na yeye hatuonani, ndiyo desturi yetu. Muulize baba yako, kama ana wakwe atakueleza. Lakini mimi nilikuwa nimeangalia kule mwisho wa korido, wewe ulikuwa umeangalia huku. Mimi niliona wa tatu."

Mseti akaacha kufagia.

"Wa tatu nani?" aliuliza Vivian.

"Simjui. Mrefu, mweupe nguo na mweupe yeye. Ameinama, anakusanya kitu sakafuni, kama kamba ya kufungia ndama, anaizungusha kwenye mkono. Nikamwambia, jachien, pepo wewe, toka kwa jina la Yesu. Akaniangalia vile mtu anavyoangalia akiwa amechoka na kazi. Akaingia ukutani." Sauti ikapanda kidogo. "Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Sina faida ya uongo. Na huyo aliyeanguka mwambieni ajifute, atapata homa."

Mseti, aliyekuwa amesimama karibu na ile meza ndogo mwisho wa korido, akasogea kutoka pale. Akasogea tena.

"Nani alimwambia habari za kamba?" Vivian alimnong'oneza Hamidu.

Hamidu akakuna kichwa. Aliapa kwamba hakumsimulia. Kisha akafikiri, akasema labda. Ukweli ni kwamba Hamidu amesimulia habari za Bwana Kamba kwa kila kiumbe kilichopita mlango ule, na hakumbuki nani bado.

Vivian aliweka begi chini. Alilitazama lile giza la mwisho wa korido kwa muda, akajikumbatia. "Kuna chumba kingine?" aliuliza. "Kilicho karibu na watu?"

Jioni ile alikula kwenye meza ya Bi Arafa, kwa mwanga wa taa ya mafuta. Alikula nusu ya samaki aliyebaki sufuriani, akaomba nusu ya pili, na kati ya nusu hizo akamtaka Ogweno amweleze tena, polepole, kuhusu mkwe na bati. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, akamwambia Bi Arafa:

"Wageni wangu nitawaleta. Nitawaambia nilichokiona na nilichoambiwa, wachague wenyewe. Wakikosa mzimu, watakula samaki. Lakini huyu mzee asiondoke."

Bi Arafa alimpigia simu mtu wa Mwanza palepale, barazani, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Ogweno alibaki na jambo moja linamla. Je, mama mkwe alimwona huyo wa tatu kweli? Au alitia chumvi, yeye, mwenyekiti, kwa ajili ya mkwe aliyeketi majini na samaki kifuani? Kumuuliza hawezi. Akamtuma Selestina. Selestina akaenda, akarudi anajizuia kucheka.

"Mama anasema, mwambie mume wako kwamba sisi hatukukutana popote. Na kama hatukukutana, yeye atajuaje niliona nini?"

Hapo palikuwa mwisho wa swali, na Ogweno alijua.

Mama Tabitha alipoondoka kwenda kupanda gari la Sirari, alipita nyuma ya hoteli, karibu na dirisha la jikoni. Ogweno aligeukia ukuta. Mama Tabitha aligeukia migomba. Alimkabidhi Hamidu kitenge kipya, cha bluu, kimekunjwa vizuri. "Mpe mama mpishi," alisema, kwa sauti ambayo ingesikika Sirari. "Mwambie anapika vizuri. Ila achangamshe chumvi kidogo." Kisha akaenda zake.

Kitenge kile Ogweno alikishona kuwa aproni. Hamidu na Mseti wanamwita Mama Mpishi mpaka leo, naye huitika. Na chumvi ameongeza.

Wageni wa Vivian wanakuja. Wengine husema wamesikia hatua, wengine husema wamesikia mvua. Kikombe cha chai bado kinawekwa kila jioni, lakini tangu siku ile Mseti hakigusi, hakikaribii, na akipita hapo hupita anakimbia. Asubuhi kinakutwa kimejaa, kimepoa. Hamidu anaona aibu kuwaeleza wageni. Ogweno anasema pengine Bwana Kamba hapendi tangawizi.

Bati lilirudishwa mahali pake wiki ileile, kwa misumari mipya. Lakini juzi Selestina alimwambia mumewe kwamba Tabitha mdogo ameota jino, na wajina wake wa Migori anataka kuja kuliona. Ogweno alimaliza ugali wake, akanawa mikono, akaenda getini kumuuliza Mseti ngazi iko wapi.